Kabati la Chuma la Cambridge

Vijana wanaojifunza kutengeneza programu za wavuti siku hizi hupewa historia fupi mno. Huambiwa kwamba kujenga kurasa kwa komponenti, yaani vipande vilivyo tayari ambavyo hutumika hapa na pale bila kuandikwa upya, kulianza Mei 2013 Facebook ilipoitoa hadharani maktaba ya React. Walimu waliosoma zaidi hurudi nyuma hadi Oktoba 1968, kwenye mkutano wa NATO mjini Garmisch, Ujerumani Magharibi, ambako Douglas McIlroy wa Bell Labs alitaka vipande vya programu vizalishwe kwa wingi kama bidhaa za kiwandani. Dai la kwanza halina haja ya mjadala. Mwaka 1996 kampuni ya NeXT ilikwisha kutoa WebObjects, na humo kurasa zilijengwa kwa komponenti, kila moja ikiwa na kiolezo chake cha HTML na msimbo wake. Dai la pili ndilo lililoota mizizi, na ndilo ninalolipinga.

Ushahidi wangu ni makala ya kurasa mbili ambayo wachache huisoma. Iliandikwa na David Wheeler, nayo imo katika kumbukumbu za mkutano wa ACM uliofanyika Pittsburgh, Marekani, mwaka 1952. Wheeler hakuwa akiota mambo ya baadaye. Alikuwa akieleza kazi iliyokwisha kufanyika.

Kompyuta ya EDSAC ya Chuo Kikuu cha Cambridge iliendesha programu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949. Haukupita muda mrefu kabla mkuu wa maabara, Maurice Wilkes, hajatambua jambo ambalo baadaye aliliandika katika kumbukumbu za maisha yake: kwamba sehemu kubwa ya umri uliombakia angeimaliza akitafuta makosa katika programu zake mwenyewe. Dawa ilikuwa kuhifadhi vipande vilivyokwisha kujaribiwa ili asiwepo mtu wa kuvianza upya. Aliyeibeba kazi hiyo kuliko wote ni Wheeler, mwanafunzi wa utafiti mwenye umri wa miaka 22.

Mwaka 1951 Wilkes, Wheeler na Stanley Gill walitoa kitabu kuhusu kazi hiyo, na ndani yake mna picha ambayo kila mwalimu wa fani hii angepaswa kuwaonyesha wanafunzi wake. Upande wa kushoto kuna kabati la chuma lenye tepu za karatasi zilizotobolewa: hiyo ndiyo maktaba. Mwanamke ameketi kwenye mashine ya kutobolea, akitayarisha programu. Anapohitaji kipande fulani, huchukua tepu yake kabatini, huiweka kwenye kisomaji, na mashine hukinakili kipande chote kwenye tepu mpya. Kufikia mwaka huo vipande vilikuwa 87, vimepangwa kwa herufi: P za kuchapa matokeo, T za trigonometria, D za kugawanya. Jina la mwanamke huyo halikuandikwa chini ya picha.

Kunakili tepu peke yake hakukutosha. Kipande kile kile kilipaswa kufanya kazi popote kilipowekwa kwenye kumbukumbu ya mashine, kwa hiyo Wheeler aliandika maagizo ya kuanzishia mashine, 41 kwa jumla, ambayo yalirekebisha anwani wakati tepu ikisomwa. Tena kipande kilipaswa kujua pa kurudi kikimaliza kazi. Hapo alibuni mbinu inayobeba jina lake hadi leo: programu kuu huacha anwani yake kwenye akyumuleta, yaani sehemu ya mashine inayoshika matokeo ya hesabu, kabla ya kuruka, nacho kipande huitumia kujitengenezea agizo la kurudi.

Kilichonivuta zaidi katika zile kurasa mbili ni onyo lake. Wheeler anasema kutayarisha kipande cha maktaba ni kazi kubwa kuliko kuandika msimbo wa kumalizia haja ya siku moja. Baada ya msimbo hubaki kazi ya kueleza kipande, ili hata asiyejua undani wake aweze kukitumia bila taabu, na huenda hiyo ndiyo ngumu kuliko zote.

Nikimsoma McIlroy baada ya hapo, namwona amepungukiwa. Mfano wake wa kipande cha kukokotoa saini ya trigonometria ni mzuri: alitaka orodha ambayo mnunuzi atachagua kipande kwa usahihi, kasi na uimara wake. Lakini tumaini lake liliegemea soko, kana kwamba vipande vikiwa vingi na vya aina nyingi mengine yatafuata.

Miaka ya 1970 na 1980 naiacha. Wingi alioutaka McIlroy ulikuja kwenye wavuti, hasa baada ya npm, ghala la vifurushi vya programu, kufunguliwa mwaka 2010. Machi 2016 mwandishi mmoja wa programu, baada ya ugomvi kuhusu jina la kifurushi, aliondoa kazi zake zote ghalani. Mojawapo ilikuwa left-pad, mistari 11 ya kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Miradi mingi duniani ikagoma kujengwa, na waliokuwa wakiitegemea wengi hawakujua hata kama ipo. Wasimamizi wa ghala wakalazimika kuirudisha wenyewe.

Urithi wa Wheeler nauona zaidi Eldoret, Kenya. Mwaka 2004, Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Moi walikuwa na wagonjwa wengi wa VVU na kumbukumbu ambazo mfumo wao wa awali haukuzimudu. Hapo ndipo OpenMRS ilipozaliwa, programu ya wavuti ambayo kiini chake hushika mambo ya wote: mgonjwa, ziara, vipimo. Mahitaji ya nchi au kliniki moja huingia kama moduli, faili ambalo msimamizi hulipakia kupitia kivinjari bila kugusa kiini. Chini yake kuna kamusi ya dhana, ambamo kila swali la daktari na kila jibu lina maana iliyoandikwa. Mradi ulipofika Rwanda, Uganda na Msumbiji, kliniki nyingi hazikutunga kamusi kuanzia mwanzo. Zilichukua ile ya CIEL, iliyotayarishwa Chuo Kikuu cha Columbia, zikaongeza dhana zao.