C+ Haitoshi: Wasemayo Walimu Kuhusu Mlango wa Chuo

Naishi Mountain View, kando ya Waiyaki Way, lakini matokeo ya KCSE yakitoka simu zangu nyingi hutoka kwetu Pwani. Swali ni lile lile: “Maalim, mtoto ana C+, mbona kozi aliyoomba hakupewa?”

C+ ni kizingiti cha shahada tu. KUCCPS, iliyochukua nafasi ya JAB kwa sheria ya 2012, hutazama pia alama ya kundi: masomo manne yanayohusu kozi, upeo wake 48. Wawili wenye C+ huachana hapo. Kozi nyingine zina masharti zaidi. Anayetaka uwakili, kwa mfano, lazima awe na B ya Kiingereza au Kiswahili.

Tangu KCSE ya 2023, gredi ya jumla huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja aliyofanya vyema, na masomo mengine matano bora. Mtoto wa Lamu aliyeng'ara Kiswahili na IRE, akayumba kwa Kiingereza, amepata afueni. Lakini afueni ya gredi si afueni ya kundi, na wazazi wengi hupotea hapa.

Majuzi tulikaa walimu wanne tukinywa chai. Wa Fizikia alisema ni dhuluma kazi ya miaka minne kupimwa kwa wiki chache. Alama za darasani nazo zihesabiwe. Wa Historia akacheka: “Zitapikwa! Nani atamnyima mwanafunzi wake?” Wa tatu akatukumbusha kuwa mambo yashaanza kubadilika. Katika KJSEA, iliyofanywa mara ya kwanza 2025, mtihani wenyewe ni asilimia 60, KPSEA ya Gredi ya 6 ni 20, na tathmini za shuleni 20.

Mimi niliegemea kwa wa Historia, ingawa kwa shingo upande. Kinachonitia hofu zaidi ya alama za kupikwa ni shule isiyo na maabara: huko hata mwalimu mwaminifu hana cha kupima.

Na sasa mkondo huchaguliwa mapema, kabla ya Gredi ya 10: STEM, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Mama mmoja wa Kisauni alinipigia; bintiye anataka uuguzi, naye alitaka kumwandikia Sayansi za Jamii kwa kuwa shule ya karibu haina maabara. Nilimwambia abadilishe shule, asibadilishe mkondo. Akaniuliza nauli itatoka wapi. Bado tunazungumza.