Wembe Mmoja

Katika ukoo wetu kuna jambo ambalo halijapata kuandikwa. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesomeshwa kuliko wenzangu, naona deni la kuliandika ni langu. Linahusu ugonjwa wa ini, kifo cha kaka yangu, na mama mdogo mmoja aliyefukuzwa nyumbani kwa kosa ambalo hakulitenda.

Lupingu iko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone, wilayani Ludewa. Zamani hizo tulikuwa Mkoa wa Iringa. Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012. Ukiwa kwetu, nyuma yako ni mlima na mbele yako ni maji. Wanaume huvua usipa na mbasa, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu, na chakula ni muhogo. Mahindi hushuka kutoka juu mlimani.

Mwaka 1977 nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuo cha ualimu miaka miwili tu nyuma. Kaka yangu mkubwa, mvuvi hodari, alianza kukonda. Macho yakageuka manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, kisha tumbo likajaa maji hata mishipa ikaonekana juu ya ngozi. Tulimbeba kwa machela kupanda mlima. Hospitalini tukaambiwa ini limeharibika, akapewa vidonge vya kupunguza maji, tukarudishwa nyumbani. Alifariki kabla ya masika kwisha, akamwacha mkewe na mtoto wa kiume wa miezi minane.

Wazee wakaita fundi wa kutazamia. Fundi akamtaja mama mdogo, mke wa pili wa marehemu baba yetu, mjane asiyekuwa na mtoto. Ushahidi ulikuwa kwamba alimpikia kaka chakula siku chache kabla hajaugua, na kwamba waliwahi kugombana juu ya mwembe. Katika kikao hicho mzee mmoja alinigeukia akasema, "Mwalimu, nawe unasemaje?" Nilikuwa na cheti sandukuni na somo la afya nililolifundisha kila wiki. Nikajibu, "Wazee wangu mmekwisha sema." Kesho yake alfajiri mama mdogo alipanda mtumbwi na mkeka wake na vyungu viwili, akaenda kwa ndugu zake kijiji kingine cha ziwani. Alifia huko mwaka 1986. Sikwenda kuzika.

Baada ya kumfukuza, fundi alitukinga. Tulikaa mstari mmoja watu kumi na mmoja, kuanzia bibi yetu mpaka yule mtoto mchanga, akatuchanja chale kifuani na mikononi kwa wembe mmoja, akiufuta kwa kitambaa kimoja. Mimi nilikuwa wa tisa.

Nilipostaafu nilipata nafasi ya kusoma mambo ambayo ningepaswa kuyasoma mapema. Nilishangaa kuona kwamba historia ya ugonjwa huu, hata kwa Wazungu, imeanza na kuchanjana. Mwaka 1883 katika mji wa Bremen, Ujerumani, wafanyakazi 1,289 wa karakana ya meli walichanjwa dhidi ya ndui kwa majimaji yaliyotoka katika miili ya watu wengine. Kati yao 191 wakapata umanjano. Daktari aliyeitwa Lürman aliandika taarifa yake mwaka 1885, lakini hakuna aliyejua ni kitu gani kilichopita. Mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari wa Marekani waliochanjwa dhidi ya homa ya manjano waliugua ini kwa makumi ya maelfu, kwa sababu chanjo ile ilichanganywa na majimaji ya damu ya binadamu. Hao walikuwa na madaktari na maabara, na bado walidhurika. Nataja hayo ili msomaji asiwacheke wazee wetu wa Lupingu.

Kirusi chenyewe kilipatikana kwa njia ya mzunguko. Mwaka 1965 Mmarekani Baruch Blumberg, aliyekuwa akichunguza tofauti za damu za watu wa mataifa mbalimbali, alieleza kitu kigeni alichokiona katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Kilionekana kwa sababu kilishikana na damu ya mgonjwa wa Marekani ambaye alikuwa ameongezewa damu mara nyingi. Baada ya miaka michache ikathibitika kwamba ni sehemu ya kirusi cha homa ya ini aina ya B. Blumberg alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Kumbe mwaka mmoja kabla ya kikao chetu, jina la kitu tulichokuwa tukikitafuta kwa ramli lilikwisha kutangazwa duniani.

Halafu ikaja kazi ya Taiwan. Huko Palmer Beasley na wenzake waliwafuatilia wanaume 22,707 kwa miaka kadhaa. Mwaka 1981 walitangaza kwamba waliokuwa na kirusi hicho katika damu walipatwa na saratani ya ini mara zaidi ya mia mbili kuliko wasiokuwa nacho. Ikajulikana pia kwamba umri wa kuambukizwa ndio wenye uzito. Mtoto akikipata wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa kubaki nacho maisha yote ni kama asilimia 90. Mtu mzima mwenye afya akikipata, mara nyingi mwili wake hukishinda.

Afrika Mashariki nasi tumo katika historia hii, kwa upande wa chakula. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa Uingereza kwa kula chakula chenye mashudu ya karanga zilizoota ukungu. Sumu ya ukungu ule ikaitwa aflatoksini. Pale Mulago, Kampala, Profesa Michael Hutt na wenzake walipima sampuli 480 za vyakula vilivyohifadhiwa sehemu mbalimbali za Uganda, na mwaka 1971 wakaonyesha kwamba palipokuwa na sumu nyingi ndipo saratani ya ini ilipokuwa nyingi. Mwaka 1973 Peers na Linsell walionyesha jambo hilohilo Murang'a, Kenya. Baadaye ikaonekana kwamba mtu mwenye kirusi cha B ambaye pia hula sumu hiyo yumo katika hatari iliyozidishwa. Sumu ikizidi sana huua hata kwa majuma machache. Mwaka 2004 mashariki ya Kenya watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 kwetu Tanzania, Dodoma na Manyara, waliugua 68 na kufa 20. Kupika hakuiondoi. Nikikumbuka mahindi yenye ukungu ambayo kwetu hayakutupwa bali yalipelekwa kupikiwa komoni, nabaki kutikisa kichwa.

Ndugu msomaji, mwongozo wa tiba si msahafu. Unafanana na muhtasari wa masomo: unaeleza kinachojulikana mpaka siku ulipoandikwa, nao hubadilishwa. Shirika la Afya Duniani mwaka 1992 lilizitaka nchi zote ziingize chanjo ya homa ya ini B katika chanjo za watoto. Tanzania iliiingiza mwaka 2002, nayo hutolewa ikiwa imechanganywa na chanjo nyingine. Mwongozo wa kwanza wa Shirika hilo kuhusu kuwatibu wenye ugonjwa sugu wa B ulitoka mwaka 2015. Ule wa mwaka 2024 umelegeza masharti ili wagonjwa wengi zaidi waanze dawa mapema, hata mahali pasipo na vipimo vya gharama. Dawa kuu mojawapo ni tenofovir, ambayo hutumika pia kwa wenye virusi vya UKIMWI. Haimalizi kirusi, ila hukituliza na kulinda ini. Shirika lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani waliishi na ugonjwa huu, na kwamba uliua watu milioni 1.1 mwaka huo.

Narudi nyumbani. Mwaka 2014 yule mtoto wa marehemu kaka, sasa mtu mzima mwenye watoto wake, alikwenda kujitolea damu. Aliitwa pembeni akaambiwa ana kirusi cha homa ya ini B. Alinijia usiku akaniuliza, "Baba, hiki ndicho kilichomuua mzee?" Nilimwambia tukapime wote. Kati ya wale kumi na mmoja wa wembe mmoja tulikuwa tumebaki saba. Watatu walikutwa na kirusi. Damu yangu ilionyesha kwamba niliwahi kuambukizwa na mwili ukakishinda.

Siwezi kuapa kwamba kaka alikufa kwa ugonjwa huo, maana hakupimwa. Wala siwezi kusema wembe ule ndio uliotuambukiza. Mtoto angeweza kuupata kwa mama yake, au utotoni kwa kucheza na wenzake na kugusana vidonda. Lakini najua kwamba ugonjwa unaofanana kabisa na ule upo, una jina, na unapita katika damu kama ile iliyokuwa juu ya wembe. Inawezekana hatari ya siku ile haikutoka katika chakula cha mama mdogo, bali katika kinga tuliyoilipia mbuzi wawili.

Mwaka 2016 niliomba kikao cha ukoo. Niliwaeleza yote haya polepole, kama darasani. Shangazi yetu, mzee kuliko wote waliobaki, alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Sasa mwanangu, siku ile ulikuwa unajua?"

Nikamjibu, "Sikujua, shangazi. Lakini nilijua kwamba yule fundi hajui, nami nikanyamaza."

Shangazi alikaa kimya kitambo. Halafu akasema tukaombe radhi kaburini. Tulikwenda kwa boti, watu tisa. Ndugu zake walitupokea vizuri kuliko tulivyostahili, wakatuonyesha kaburi chini ya mkorosho. Kila mmoja wetu alisema neno lake. Mimi nilirudia jibu lile nililolitoa mwaka 1977, kisha nikalifuta mbele ya mashahidi.

Nimefundisha miaka mingi kwamba ujinga ni adui. Sasa naongeza kwamba anayejua kidogo akanyamaza humsaidia adui huyo. Kwa wanaonisoma nyumbani: kapimeni ini B, maana kipimo ni cha damu kidogo tu. Kila mtu na wembe wake. Watoto wapelekwe kliniki bila kukosa. Mahindi na karanga zianikwe zikauke sawasawa, na zenye ukungu zitupwe, hata kwenye pombe zisiingie. Na mtu akifa kwa ugonjwa msioujua, semeni hivyohivyo kwamba hamuujui. Kumtafuta wa kumlaumu hakutamfufua marehemu.

Mwanangu yule anakunywa dawa kila siku na ini lake linapimwa kila baada ya miezi. Watoto wake wote wamechanjwa, na wamekutwa hawana kirusi.