Nani Ahame, Mzazi au Mtoto?

Barua mbili zilifika nyumbani kwetu, hapa chuoni, katika juma moja kabla ya Majilio. Ya kwanza ilitoka kwa kanisa rafiki huko Ujerumani. Walituomba twende kwao kwa miaka minne: mchungaji afundishe na kuratibu uhusiano wa sharika zao na zetu, mama mchungaji afanye kazi na wanawake wahamiaji. Nyumba, bima, nauli na mshahara vyote viliandikwa, na mshahara ule tuliusoma mara mbili. Ya pili ilikuwa karatasi moja ya ofisi ya ustawi wa jamii, ikisema kwamba maombi yetu ya kuasili mtoto yamepokelewa na kwamba afisa atakuja kuitazama nyumba. Mtoto mwenyewe ni binti wa miaka mitatu na nusu. Analelewa kituoni, nasi humtembelea kila Jumamosi, kwa hiyo ametupa majina yake mwenyewe: Mama Jumamosi na Baba Jumamosi.

Mwanzoni hatukuona mgongano. Sisi ni Watanzania, mtoto ni Mtanzania. Tungetangulia sisi, faili lingeendelea nyuma yetu, na mwisho tungekuja kumchukua. Aliyetuzindua ni mwanasheria mmoja, mzee wa kanisa katika usharika wetu. Katika Mkataba wa Hague wa tarehe 29 Mei 1993, unaohusu kuasili watoto baina ya nchi na nchi, kinachotazamwa si uraia wa wazazi bali mahali wanapoishi. Tukishahamia Ujerumani, pasipoti zetu hazibadiliki, lakini mbele ya mkataba ule tunakuwa wakazi wa Ujerumani wanaoomba mtoto wa Tanzania. Ujerumani imo katika mkataba huo, Tanzania haimo. Tena tangu Aprili 2021 sheria ya Ujerumani hairuhusu mkazi wake kuasili mtoto wa nchi nyingine kwa kujitafutia mwenyewe, pasipo chombo kinachotambuliwa kumsimamia. Jambo ambalo hapa ni safari ya daladala mbili lingegeuka kuwa jambo la serikali mbili.

Kazi iliyotuleta chuoni ni historia ya Kanisa, na mtu akibanwa hukimbilia jembe alilolizoea. Tukaanza kuwauliza waliotutangulia, kwa swali moja tu: mtoto alipopata wazazi wapya, nani alihama, na kwa faida ya nani?

Katika Maandiko tulikutana kwanza na binti Farao. Yeye hakuhama hata hatua moja. Musa ndiye aliyehama nyumba, lugha na watu wake, akapewa na jina na mama mpya, huku mama aliyemzaa akilipwa ujira wa kumnyonyesha. Tumehubiri habari hiyo mara nyingi bila kuuona ule ujira. Halafu Esta. Mordekai alimlea binti wa ami yake, yatima, wote wawili wakiwa watu wa uhamisho. Na binti alipochukuliwa kupelekwa kwa mfalme, Kitabu cha Esta, sura ya pili, kinasema kwamba kila siku mlezi yule alitembea mbele ya ua wa nyumba ya wanawake apate kujua hali yake. Hakuwa na uwezo wa kumtoa. Alikuwa na miguu tu.

Kuhusu Mtume Paulo tutasema machache. Anapowaandikia Warumi na Wagalatia kwamba tumefanywa wana, anatumia neno la mahakama za ulimwengu wake, na huko aliyeasiliwa mara nyingi alikuwa mwanamume mzima wa kurithi mali na jina. Kaisari Augusto alimwasili Tiberio mwaka 4 B.K., na Tiberio alikuwa amevuka miaka 40. Ni umri wetu sisi. Mfano wa Paulo una uzito mkubwa katika imani, lakini kwa binti wa miaka mitatu aliye kituoni haukutupa msaada wa karibu.

Aliyetukesha usiku ni Mary Slessor. Alizaliwa Aberdeen, Scotland, mwaka 1848, akakulia Dundee akifanya kazi katika kiwanda cha kufuma, na mwaka 1876 kanisa lake la Kipresbiteri likamtuma Calabar, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria. Huko mapacha waliogopwa. Mara nyingi waliuawa au kutupwa porini, na mama yao akafukuzwa. (Tusiwanyooshee kidole watu wa Calabar. Wazee wa makabila yetu kadhaa nao wana habari za namna hiyo, ukiwauliza faraghani.) Slessor aliwaokota watoto hao na kuwalea. Mmoja wa wale wa mwanzo alikuwa msichana aliyeitwa Janie, na Slessor alipokwenda kwao kwa likizo mwaka 1883 alisafiri naye.

Mwaka 1888 alihamia Okoyong, bara zaidi, peke yake pamoja na watoto wake. Miaka michache baadaye akachumbiwa na Charles Morrison, mwalimu wa misheni aliyekuwa Duke Town, mdogo kwake kwa miaka mingi. Alikubali, kwa sharti kwamba Morrison ndiye ahamie Okoyong. Halmashauri ya misheni huko Scotland ilikataa, ikiangalia afya ya mwalimu yule na kazi yake pale alipo. Njia iliyobaki ilikuwa Slessor arudi Duke Town, penye nyumba nzuri, wenzake na meli za kwao. Hakwenda. Morrison alirudi kwao akiwa mgonjwa, na hawakuoana kamwe.

Tangu tukiwa wanafunzi tuliisoma habari hii kama habari ya wito. Safari hii tuliisoma kama watu wenye barua mbili mezani. Sababu aliyoitoa ilikuwa watu wa Okoyong, ambao hawakuwa na mmisionari mwingine. Lakini ndani ya nyumba yake walikuwamo watoto ambao nje ya mlango ule hawakuwa na mtu. Na ilipombidi asafiri tena kwa ugonjwa, mwaka 1898, hakuwaacha wote wakimngoja: alikwenda Scotland na wasichana wanne. Alifariki Januari 1915 huko Use, na waliokuwa kando ya kitanda ni wale aliowalea.

Hatumfanyi malaika. Alikuwa pia hakimu wa serikali ya Waingereza, na utawala ule ulikuwa na nia zake. Vilevile vitabu vinavyomsifu havimpi Janie nafasi ya kutosha, yeye aliyepika, aliyefua na kuwalea wadogo zake miaka yote hiyo. Tungependa sana kusikia upande wake.

Hata kwetu sisi Walutheri, kule Lutindi katika milima ya Usambara, palikuwa na nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani katika miaka ya 1890, kabla pahali hapo hapajawa hospitali ya wagonjwa wa akili inayojulikana leo. Wale walikuwa wamekwisha kuhamishwa na wafanyabiashara wa watumwa. Kuwarudisha makwao mara nyingi hakukuwezekana.

Sura iliyotuumiza zaidi ni ya karibu. Mwaka 1955 mkulima wa Oregon, Marekani, Harry Holt na mkewe Bertha, waliokuwa na watoto sita wa kuzaa, waliasili watoto wanane wa Korea baada ya Bunge la Marekani kuwapitishia sheria maalumu. Walikuwa Wakristo wa kuombea kila hatua, na upendo wao hatuutilii shaka. Wakristo wengine wakawaandikia wakitaka nao. Holt akakodi ndege. Wazazi wengi waliasili kupitia mwakilishi, bila kukanyaga Korea, wakamwona mtoto kwa mara ya kwanza uwanja wa ndege. Mzazi alibaki na kazi yake, shamba lake na kiti chake kanisani. Mtoto akabeba safari yote, na jina likabadilika njiani, kama la Musa.

Marekani ilibana njia ile ya mwakilishi mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Zaidi ya watoto 140,000 wametoka Korea Kusini kwa njia ya kuasiliwa nje. Mwezi Machi 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo ilitangaza kwamba serikali ilikiuka haki za watoto wale: kumbukumbu zilighushiwa, na watoto wenye wazazi hai waliandikwa kuwa yatima. Wengi wao leo ni watu wazima, wengine wana umri mkubwa kuliko wetu, na bado wanatafuta mama zao.

Kwa sababu ya mambo kama hayo Kenya ilisimamisha wageni kuasili watoto wake Novemba 2014, na Ethiopia ikapiga marufuku mwaka 2018. Kwetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mgeni awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, na uamuzi ni wa Mahakama Kuu. Tukiri jambo: wamisionari waliokuwa wakinung'unikia miaka hiyo mitatu tuliwacheka kidogo. Sasa tunaiona kwa jicho jingine. Kwa miaka mingi sheria zilimwacha mzazi akae akingoja mtoto aletwe. Hii inamwambia mzazi aje akae.

Lakini kukaa kuna gharama, na ilikuwa ya kwetu. Katika miaka 14 ya ndoa hatujajaliwa mtoto. Mshahara wa Ujerumani ungelipa ada za watoto sita wa ndugu, na ndugu hao wanajua kuhesabu. Shangazi yetu mmoja alisema waziwazi kwamba watoto wa kituoni hawaishi, Ujerumani huisha. Hatukuwa na jibu la kumnyamazisha. Kwa upande wa watoto wa kituoni kwa jumla alisema kweli. Kwa upande wa huyu mmoja, mwenye Jumamosi zake, hatukukubaliana naye.

Mwezi Januari tuliandika Ujerumani kwamba hatuji. Walijibu kwa upole mwingi, na amekwenda mwenzetu ambaye watoto wake wamekwisha kujitegemea. Anafaa kuliko sisi.

Afisa wa ustawi amekuja mara mbili. Mara ya kwanza aliangalia choo, kisima na chumba cha mtoto, akaandika. Mara ya pili alitueleza kwamba wanafuatilia habari za bibi mmoja, upande wa mama, aliyehamia wilaya nyingine. Akipatikana na akawa na uwezo, ataulizwa yeye kwanza. Huo ndio utaratibu ambao hata Mkataba wa Hague unauweka mbele: kwanza jamaa zake, kisha nyumba nyingine nchini mwake, na nje ya nchi baadaye kabisa. Ni jambo lile lile ambalo watoto wa Korea hawakutendewa. Tulimjibu kwamba ndivyo inavyotakiwa, tukamsindikiza hadi barabarani, na usiku ule hatukula.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kama kawaida, na ndizi zake. Alikula mbili, ya tatu akaificha mfukoni mwa gauni. Tulipoaga akauliza kama na kesho ni Jumamosi.