Nembo, Kiolezo na Kiatu cha Mkimbiaji

Katika eneo la Mukuju, wilayani Tororo, na huko Busia kwa pande zote mbili za mpaka, mtoto hukua akisikia Kiteso, Kipadhola, Kisamia, Kiswahili na Kiingereza. Walimu wa sehemu hizo wanafahamu vema kwamba lugha ya pamoja ni daraja. Lakini liko daraja jingine lisilotamkwa, nalo ni alama ya kuchorwa. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi michezo ilivyoikuza kazi ya mchoraji na mbunifu wa vifaa, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi walimu wa Kiswahili.

Mwaka 1964 michezo ya Olimpiki ilifanyika Tokyo. Wageni wengi hawakuweza kusoma maandishi ya Kijapani. Kwa hiyo wachoraji wa nchi hiyo, wakiongozwa na Masaru Katsumi, walibuni picha ndogo za kuonyesha kila mchezo, hata asiyejua neno moja la Kijapani akaweza kutambua mahali pa kuogelea na mahali pa ndondi. Ni katika michezo hiyo Wilson Kiprugut aliipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, ya shaba, katika mbio za mita 800. Mwaka 1972, huko Munich, Otl Aicher alichora picha mpya za namna hiyo kwa mistari na pembe zilizopimwa. Hapo ndipo John Akii-Bua wa Uganda aliposhinda mbio za kuruka viunzi za mita 400 kwa sekunde 47.82, akaweka rekodi ya dunia.

Kazi ya namna hii si ya mabingwa peke yao. Mwaka 1971 Carolyn Davidson, aliyekuwa mwanafunzi wa uchoraji katika Chuo Kikuu cha Portland State nchini Marekani, alichora nembo ya kampuni changa ya viatu iitwayo Nike. Alilipwa dola 35. Nembo ile ikaenea duniani kote, na mwaka 1983 kampuni ilimtunuku pete na hisa. Mwaka ule ule wa 1971 kocha Bill Bowerman alimimina mpira wa maji katika chuma ambacho mkewe alikitumia kuokea mikate yenye vijishimo, akitafuta soli nyepesi isiyoteleza. Chuma kikaharibika, lakini yeye hakuacha kujaribu, na hatimaye soli ikapatikana. Mwanzo kokochi, mwisho nazi.

Msomaji asidhani kwamba hayo ni ya ng'ambo tu. Fundi wa akala naye huuchora mguu wa mteja, hukata kiolezo, hupima, hurekebisha, ndipo akate tairi. Na mwaka 2016 kampuni ya Kenya iitwayo Enda ilichangisha fedha kwa njia ya intaneti ili itengeneze kiatu cha mbio. Jina la kampuni ni kitenzi chetu wenyewe. Kiatu cha kwanza kiliitwa Iten, kwa heshima ya mji wa wakimbiaji. Kwa miaka mingi wanariadha wetu walivaa viatu vyenye alama zilizobuniwa kwingine. Hapa Kiswahili kimekuwa sehemu ya bidhaa yenyewe.

Tena, mwezi Septemba 2023, Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, kwa ombi lililoitwa Pamoja. Neno hilo moja halikuhitaji tafsiri katika nchi yoyote kati ya hizo tatu.

Basi wajibu wetu ni upi? Kijana mwenye kipaji cha kuchora akikosa maneno ya kuieleza kazi yake, ataiona kuwa mchezo wa kupoteza wakati. Tumpe maneno: nembo, kiolezo, umbo, vipimo, majaribio. Tumwambie achore nembo ya timu ya shule, kisha asimame mbele ya wenzake aeleze kwa Kiswahili sanifu sababu ya kila rangi na kila mstari. Akate kiolezo cha kiatu kwa boksi kuukuu, aandike hatua alizofuata na mahali alipokosea. Hilo ni somo la insha lenye manufaa. Mwanafunzi aliyezoea kuitetea kazi yake kwa lugha fasaha hatakuwa rahisi kupunjwa siku atakapoipeleka sokoni.