Mwanamke wa Tatu Jukwaani

Tawasifu za wachekeshaji aghalabu husomwa kwa kupumzisha akili, kisha zikasahauliwa. Bossypants, kitabu alichokitoa Mmarekani Tina Fey mwaka 2011, chajifanya kutaka kusomwa hivyo hivyo. Jalada lake lenyewe ni mzaha: uso wa mwanamke, mikono minene ya mwanamume iliyojaa malaika. Hata hivyo, humo ndani mna ushahidi ambao mwandishi wa historia ya jukwaa hana budi kuupokea.

Mahali penyewe ni Second City, jumba la vichekesho lililofunguliwa Chicago mwaka 1959. Fey asimulia kwamba mwaka 1995 kila kundi la waigizaji wake lilikuwa na wanaume wanne na wanawake wawili. Ilipotolewa rai ya kusawazisha kundi moja, watatu kwa watatu, wakubwa walishtuka: nafasi hazitawatosha wanawake! Hoja hiyo ingekuwa na mashiko lau wangeigiza tamthilia iliyokwisha kuandikwa, yenye wahusika wanaohesabika. Lakini michezo waliitunga wao wenyewe, mingi ikizaliwa papo kwa papo. Vipi nafasi ziishe katika jambo lisilokwisha kutungwa?

Wapenzi wa majibizano ya mashairi hawatakuwa wageni wa sanaa hii, ijapokuwa kuna tofauti. Malenga anayejibu huweza kuipinga hoja ya mwenziwe, ila bahari na vina huvipokea. Katika uigizaji wa papo kwa papo, hoja yenyewe hupokewa: mwenzio akisema mko chomboni, basi mko chomboni, nawe huongeza tanga au dhoruba. Ajabu ni kwamba wenye kuifundisha kanuni ya kukubali ndio waliokataa.

Fey ndiye aliyekuwa mwanamke wa tatu katika kundi la kwanza lililosawazishwa. Mwaka 1997 aliajiriwa kuandikia Saturday Night Live, kipindi cha televisheni kilichoanza mwaka 1975. Mwaka 1999 akawa mwanamke wa kwanza kuwaongoza waandishi wake. Miaka 24 ilikwisha kupita.

Kitabu kina mapengo, na si yote ya bahati mbaya. Kovu la usoni, alilolipata utotoni alipokatwa na mtu asiyemjua, halielezwi ila kwa maneno machache. Badala ya maumivu yake, msomaji anapewa orodha ya kuchekesha ya watu waliomuuliza habari zake, na jinsi kila mmoja alivyouliza.