Darubini ya Joto: Nani Analipa Pesa ya Bodaboda Mbili Ndio Aone Gizani?

Watu wangu, kuna kifaa kinaitwa darubini ya joto. Unakifunga juu ya bunduki, unaangalia giza totoro, na mnyama anatokea mweupe pee kama amewashiwa taa ndani ya tumbo. Ile ya maana, wawindaji wa Marekani wanainunua kati ya dola 3,000 na 5,000 hivi. Kwa pesa yetu hiyo ni kama shilingi 390,000 hadi 650,000. Bodaboda mbili mpya na mafuta inabaki. Kila nikitaja hiyo bei mtu ananiuliza, kwani ni nani huyo analipa? Swali poa, lakini kulijibu lazima turudi nyuma kidogo.

Mwaka wa 1800, William Herschel, mtazama nyota aliyekuwa akiishi Uingereza, alipitisha mwanga wa jua kwenye kipande cha kioo cha pembe tatu, ukagawanyika rangi za upinde wa mvua. Akaweka vipimajoto kwenye rangi. Kimoja akakiweka nje kidogo ya nyekundu, mahali macho hayaoni chochote. Hicho ndicho kikapanda kuliko vyote. Yaani kuna mwanga tusiouona, na leo tunauita infraredi. Kila chenye joto kinautoa: wewe, mbuzi, boneti ya matatu iliyoegeshwa sasa hivi.

Karibu 1880 Mmarekani Samuel Langley akatengeneza bolomita. Ni utepe mwembamba wa chuma ambao ukipata joto kidogo tu, umeme unapita kwa shida zaidi. Unapima umeme, unajua joto. Shikilia hapo, huo utepe utarudi.

Halafu jeshi likaingia, na hapa ndipo bei ilipozaliwa. Wakati wa vita vya Vietnam Wamarekani walifunga mitambo ya infraredi kwenye ndege ili waone malori yanayosafiri usiku. Shida ni kwamba sensa zenyewe zilitaka kupoozwa hadi kiasi cha nyuzi 196 chini ya sufuri, baridi ya nitrojeni ya maji. Manze, nani mwindaji atabeba hiyo porini? Ni serikali tu ingeweza. Miaka ya 1980 kampuni ya Honeywell, kwa pesa za jeshi la Marekani, ikachukua wazo la Langley na kulipunguza: maelfu ya bolomita ndogondogo zikapangwa kwenye kipande kimoja, na hakuna haja ya kupoozwa. Ilikuwa siri mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ilipofunguliwa, wazima moto wakapata, mafundi umeme wakapata, na mwishowe wawindaji. Hata leo serikali ya Marekani inabana kuuza nje kamera zinazopiga zaidi ya picha 9 kwa sekunde. Ndio maana zingine za bei rahisi, nguruwe akikimbia anarukaruka kama video wakati bando imekaribia kuisha.

Sasa lenzi. Kioo cha kawaida kinazuia haya mawimbi ya joto. Ukilenga darubini kwenye dirisha, utaona sura yako mwenyewe. Kwa hivyo lenzi nyingi zinachongwa kwa gerimani, madini ghali ambayo China ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote. Agosti 2023 China ikaanza kudai kibali kabla hayajatoka nchini, na bei ikapanda. Lenzi ikiwa kubwa, gerimani ni nyingi, na wewe unalipa.

Mimi niliachana na chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sitakufundisha fizikia. Lakini hesabu hii ni ya darasa la nne. Sensa ya pikseli 384 kwa 288 ina pikseli elfu mia moja na kitu. Ya 640 kwa 512 ina karibu mara tatu ya hizo. Wauzaji wanapenda kuandika kwenye boksi "inaona mita 1,800". Kuona nini? Nukta nyeupe! Kwa umbali huo unajua tu kuna kitu chenye joto. Ni nguruwe, ni ndama wa jirani, ama ni jirani mwenyewe, hiyo nukta haikuambii. Kwangu hapo ndipo pesa inapojitetea, kama inajitetea. Unalipia kujua unachokiona kabla ya kuvuta kidole. Ile ya bei ya chini itumie kutafuta, usiitumie kulenga.

Anayelipa bila kulia sana ni mkulima wa Texas. Wahispania walileta nguruwe Marekani, Hernando de Soto akishuka nao Florida mwaka wa 1539. Wengine wakatoroka, wakazaana, na leo serikali ya huko inakadiria hasara ya angalau dola bilioni 1.5 kila mwaka. Na hao nguruwe si wajinga. Wakiwindwa mchana, wanahamia usiku. Kwa mkulima huyo darubini ni jembe. Yule wa mjini anayeenda wikendi moja kwa mwaka, huyo amenunua mwanasesere, na hakuna shida, ni pesa yake.

Wengine wanasema kifaa hiki si haki kwa mnyama. Hoja ya haki ilipigiwa debe sana na klabu ya wawindaji aliyoianzisha Theodore Roosevelt mwaka wa 1887. Ni yuleyule aliyeshuka Mombasa Aprili 1909, na safari yake ilipoisha yeye na mwanawe walikuwa wameua wanyama 512, wengi wakipelekwa makumbusho. Mchana kweupe, bila darubini ya joto. Mimi nacheka tu.

Hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, kwa hivyo huna sababu ya kuifunga kwenye bunduki. Lakini mwaka wa 2016 shirika la WWF lilileta kamera za joto Maasai Mara, zikawekwa mikononi mwa askari wa wanyamapori. Majangili waliozoea kujificha gizani wakaanza kukamatwa, zaidi ya 20 miezi ya mwanzo tu. Na swali la pikseli ni lilelile. Askari akiona mtu mweupe kwenye skrini saa nane usiku, lazima ajue kama amebeba mkuki wa kuua swala, ama ni mfugaji anayetafuta ng'ombe wake aliyepotea. Mimi sensa kubwa ningeinunulia huyo askari.