Zaka ya Mgeni na Sadaka ya Jirani

Nimeombwa na wenzangu niandike habari za udugu wa Waislamu wa Guangzhou, na jinsi ulivyotufaa sisi Wakristo tunaokaa nao. Mimi si mwanachuoni. Lakini katika ukoo wetu, kama katika koo nyingi zilizotoka pwani, mjomba huenda kusali Ijumaa na shangazi Jumapili, kwa hiyo habari hii ni yetu sote.

Mambo haya ni ya kale sana. Mwaka 851 iliandikwa kwa Kiarabu habari ya safari za China, ambayo kwa desturi hutajwa kwa jina la mfanyabiashara Sulaiman. Humo mji huu unaitwa Khanfu. Tunaelezwa kwamba mfalme wa China alimweka Mwislamu mmoja awe hakimu wa Waislamu wenzake. Siku ya Idi ndiye aliyesalisha na kuhutubu, na wafanyabiashara wa Iraki hawakuzipinga hukumu zake. Hebu tulitazame jambo hili. Mtu ameshuka chomboni, hana ndugu, Kichina hakijui, naye anakuta mahali pa kudai haki yake. Urafiki wao haukuwa wa kuchekeana tu. Ulikuwa na kadhi.

Ibn Battuta, yule aliyefika Kilwa mwaka 1331, anasimulia kuwa Waislamu wa Zaitun, yaani Quanzhou, walimfurahia mno Mwislamu mgeni hata wakampa zaka za mali zao, akatajirika kama wao. Wapo wataalamu wanaotilia shaka kama aliifika China yote anayoisimulia. Zaka hiyo tuikumbuke, nitairudia.

Na Wakristo? Walikuwapo, na tunawajua kwa msiba wao. Mwaka 879 waasi wa Huang Chao waliuteka mji. Abu Zaid wa Siraf, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 10, anasema waliuawa Waislamu, Wayahudi, Wakristo na Wamajusi 120,000. Wanahistoria wengi huona idadi hiyo imezidishwa. Lakini dini zile nne zimetajwa kwa pumzi moja. Kadhi hakuweza kuwaokoa watu wake, na Wakristo hawakupona kwa kuwa si watu wake.

Wala tusiwapambe wageni wa zamani: mwaka 758 Waarabu na Waajemi waliuvamia mji huu huu, wakapora na kuchoma maghala.

Msikiti wa Huaisheng ungaliko, na mnara wake wa meta 36 uliokuwa ukiwaongoza mabaharia. Si mbali sana nao lipo Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililojengwa kati ya mwaka 1863 na 1888. Wachina huliita Nyumba ya Mawe, jina lisilomtaabisha Mzanzibari. Wafanyabiashara wa Kiafrika walipoanza kufurika mtaa wa Xiaobei mwishoni mwa miaka ya 1990, Wakristo wengi miongoni mwetu tulifuata kanzu ili tujue pa kula. Chakula cha halali hakikumkataa mtu.

Ikaja Aprili 2020. Kwa hofu ya korona, Waafrika wengi walitolewa katika nyumba na hoteli, wengine wakalala njiani. Hakuna aliyeulizwa anasali wapi. Misikiti na makanisa yalikuwa yamefungwa. Mwenye nyumba wangu aliniambia nitoke kabla ya magharibi. Habari ya chumba kingine niliipata kwa simu, kutoka kwa jamaa wa Ijumaa, ambao wana mazoea ya kuhesabiana: fulani yuko wapi, amekula, dawa anazo? Wakanihesabu na mimi. Kijana mmoja aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, kama fedha walizochanga zingeweza kumlipia Mkristo kodi ya siku tatu. Mzee wao akamjibu kuwa zaka ina wenyewe, lakini hizi ni sadaka, na sadaka ni ya jirani pia.

Juma lililofuata akina mama wa kanisani kwetu walipata mchele, wakaugawa kwa kufuata orodha ile ile ya Waislamu, kwa sababu sisi orodha hatukuwa nayo.

Karatasi ya orodha hiyo ninayo. Majina mengine yamefutika. Jamaa aliyekuwapo na anayewakumbuka watu wale aniletee majina yao kabla ya kitabu cha mwaka ujao.